Bibi aanze kutazama kushoto: jibu kwa Mama Neema kuhusu usiku wa Halloween

Mama mmoja wa Lexington, Kentucky, mzaliwa wa Morogoro, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Tupo hapa mwaka wa tatu sasa. Nina watoto watatu: Neema ana miaka 12, Baraka 8, na Tumaini 5. Mwaka huu majirani wamewaalika kwenda kuomba pipi mlango kwa mlango usiku wa Halloween, wakiwa wamevaa mavazi ya kuigiza, na wamenisumbua mpaka nimekubali. Shida ni kwamba tarehe 31 Oktoba mimi naingia kazini saa 11 jioni, nahudumia wazee, na baba yao anasambaza vifurushi hadi usiku. Mama yangu mzazi yupo nasi tangu Agosti, amesema atawapeleka yeye. Neema naye anasema bibi apumzike, atawapeleka wadogo zake mwenyewe. Ninachoogopa zaidi ni pipi za watu nisiowajua, nasikia wengine huweka sumu na wembe. Na magari pia. Nifanyeje?"

Marahaba, Mama Neema. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili macho yangu yamesimama kwenye yale maneno matatu ya karibu na mwisho, "na magari pia". Umeyaweka mkiani. Naomba tuyatoe huko tuyaweke mbele, kwa sababu usiku ule kinachoua watoto ni magari.

Hofu ya pipi ni ya kawaida, hata Wamarekani wenyewe wanayo. Lakini Joel Best, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, amekusanya taarifa za aina hiyo kuanzia zile za mwaka 1958, na hajapata hata mtoto mmoja aliyethibitishwa kuuawa au kuumizwa vibaya na pipi aliyopewa na mtu asiyemjua alipokuwa akipita mlango kwa mlango. Kisa kinachotajwa kila mwaka ni cha Texas, 1974: mtoto alikufa kweli kwa pipi yenye sumu, ila aliyemwekea sumu alikuwa baba yake mzazi, akitaka fedha za bima. Kwa hiyo pipi zikifika nyumbani zimwage mezani, tupa iliyofunguka karatasi, mwondolee Tumaini zile ngumu za mviringo zinazoweza kumkaba koo, na ulale. Hapo mambo ya pipi yameisha.

Magari ni habari nyingine. Mwaka 2018 watafiti watatu wa Canada, John Staples, Candace Yip na Donald Redelmeier, walichapisha hesabu waliyoifanya kwa kumbukumbu za ajali za Marekani za miaka 42, kuanzia 1975 hadi 2016. Walichukua jioni ya Halloween, saa 11 jioni hadi usiku wa manane, wakailinganisha na jioni ya wiki moja kabla na ya wiki moja baada. Katika jioni 42 za Halloween walikufa waenda kwa miguu 608. Katika zile jioni 84 nyingine walikufa 851. Ukigawanya, utapata vifo 14 na nusu hivi kwa jioni moja ya Halloween, na 10 kwa jioni ya kawaida. Ongezeko ni asilimia 43. Kwa watoto wa miaka minne hadi minane hatari ilipanda mara kumi, na saa mbaya kuliko zote ilikuwa kwenye saa 12 jioni.

Miaka minne hadi minane. Baraka yumo, Tumaini yumo.

Sikuandikii haya ili uwafungie ndani. Ongezeko lile, likisambazwa nchi nzima, ni wastani wa vifo vinne zaidi kwa kila Halloween, na watoto wanaotoka usiku huo ni mamilioni. Wengi mno wanarudi salama, midomo imejaa chokoleti. Ninachotaka ni wako warudi hivyo kwa sababu mmejipanga, isiwe kwa bahati.

Sasa nianze na bibi, kwa kuwa ndiye niliyemfikiria zaidi baada ya kusoma barua yako. Mfikishie shikamoo yangu. Mama aliyelea watoto Morogoro, akavuka Msamvu na mabasi ya Dodoma na Iringa yakimpigia honi, hahitaji mimi nimfundishe uangalifu. Hata mwili wake unajua kuvuka: akifika ukingoni mwa barabara, shingo inageuka yenyewe. Tatizo ni upande inakogeukia.

Tulifundishwa sote shuleni: tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Kwetu magari hupita kushoto mwa barabara, kwa hiyo gari la kwanza kukufikia ukishusha mguu linatokea kulia. Marekani magari hupita kulia. Gari la kwanza kukufikia linatokea kushoto. Bibi akitazama kulia, akaona peupe, akateremka na mjukuu mkononi huku shingo ikigeuka kushoto polepole, atakuwa ameshaingia kwenye njia ya gari lililokuwa karibu naye kuliko yote. Nimeona hili kwa macho yangu si mara moja wala mbili, kwa wazazi waliokuja kutembelea watoto wao kutoka Tanzania, Kenya na Uganda. Mimi mwenyewe, miaka kumi na minne nikifundisha watoto kuvuka barabara, mwezi wangu wa kwanza Ohio nilivutwa ukosi wa koti na mwanafunzi wangu. Majirani zenu waliotoka Congo au Burundi hawana taabu hii, kwao magari yanapita kulia kama hapa. Ni sisi wa upande ule mwingine.

Kwa hiyo kwa bibi kanuni inakuwa kushoto, kulia, kushoto tena, ndipo mguu ushuke. Akifika katikati ya barabara, hatari inahamia kulia, macho nayo yahamie huko. Usimweleze mezani tu akakuitikia "nimeelewa mwanangu". Desturi ya miaka sitini haibadilishwi na maelezo. Inabadilishwa na miguu, na nitarudi huko mwishoni.

Kuna na hili: kama mtaa wenu una sehemu isiyo na njia ya pembeni ya kutembelea, mtembea kwa miguu anatakiwa akabiliane na magari, ayaone yakija. Nyumbani maana yake ni kutembea upande wa kulia wa barabara. Hapa ni upande wa kushoto. Bibi akifuata mazoea atakuwa ameyapa magari mgongo.

Neema nimemwelewa. Ana miaka 12, anajua Kiingereza kuliko bibi, anaijua mitaa, na pengine anaona haya kidogo kuandamana na bibi mbele ya wenzake. Lakini jibu langu ni hapana, asiwapeleke wadogo zake peke yake. Siyo kwamba hana akili. Mtoto wa umri wake, katika mtaa wenye taa, mchana au jioni ya kawaida, anaweza kujivusha. Kuwavusha wawili wenye msisimko, gizani, huku yeye mwenyewe amesisimka na rafiki zake wanamwita toka ng'ambo, ni kazi ya mtu mzima.

Tena kuna jambo la macho ambalo wazazi wengi hawalijui. Watafiti wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, walipima jinsi watoto wa shule ya msingi wanavyotambua gari linalowajia. Gari linalokuja moja kwa moja halionekani likisogea, linaonekana likikua. Mtu mzima husoma kule kukua akajua mwendo. Macho na ubongo wa mtoto bado havijakomaa kwa kazi hiyo, na gari likizidi mwendo wa maili 25 kwa saa, yaani kilomita 40, mtoto hawezi kutegemewa kutambua kuwa linamjia. Anaweza kulitazama kabisa, taa zote mbili, akaliona kama limesimama. Kwa hiyo unapomwambia Baraka "angalia magari", ataangalia kweli, kwa utiifu wote, na bado ateremke. Ndiyo maana nasisitiza kuvushwa. Kuambiwa hakutoshi.

Mpe Neema cheo cha kweli badala ya kumnyima. Awe mkia wa msafara: yeye ndiye wa mwisho, hakuna mtoto anayebaki nyuma yake. Awe pia mkalimani wa bibi kwa watu wa milangoni. Bibi awe katikati, Tumaini upande mmoja na Baraka upande mwingine. Wakiwa wanatembea pembeni mwa barabara, Tumaini akae upande wa nyumba, mbali na magari. Na wakati wa kuvuka bibi amshike kifundo cha mkono, siyo vidole. Vidole vya mtoto wa miaka mitano vikiwa na jasho na sukari vinateleza kama sabuni.

Halafu njia yenyewe. Usiku ule kuna desturi bibi anapaswa kuijua: nyumba iliyowasha taa ya barazani inakaribisha, iliyozima haitaki wageni. Watoto wanalijua hilo, na ndilo linalowavusha ovyo. Wanaona taa ng'ambo, wanakimbilia. Wanaona nyingine upande huu, wanarudi. Kwa nyumba ishirini mtoto anaweza kuvuka barabara mara kumi na tano, tena katikati ya mtaa, akichomoza kati ya magari yaliyoegeshwa. Dawa yake haina gharama: fanyeni upande mmoja wote hadi mwisho wa mtaa, vukeni mara moja kwenye kona, rudini na upande wa pili. Taa ya ng'ambo itasubiri. Ukipunguza mara kumi na tano zikawa mbili, umepunguza hatari kuliko utepe wowote au tochi yoyote utakayonunua. Kama kuna jambo moja tu bibi atalikumbuka baada ya lile la kushoto, naomba liwe hili.

Nikusimulie kitu kimoja. Miaka michache iliyopita nilisindikiza watoto wa jirani, mmoja wao wa miaka sita, amevaa mbawa za popo za kitambaa cheusi. Kwenda mlangoni alikwenda vizuri, mguu kwa mguu, ana haya, amejificha nyuma ya dada yake. Alipopewa chokoleti kubwa, ile ya ukubwa wa dukani, aligeuka mtoto mwingine. Alishuka ngazi mbio, kichwa kimeinama ndani ya mfuko wake, akakata kona kwenye nyasi kuelekea nyumba ya pili. Kati ya nyumba hizo mbili kuna njia ya gari ya kutokea nyumbani. Niliona taa mbili nyeupe zikiwaka chini chini, zile za rivasi, na gari likaanza kurudi. Nilipiga kelele kwa Kiswahili. Sijui dereva alisikia nini, ila alikanyaga breki. Mtoto alisimama akiwa mkono mmoja tu kutoka bampa ya nyuma, bado anahesabu pipi zake.

Tangu siku hiyo nasimama mahali pengine. Wazazi wengi hufuatana na mtoto hadi mlangoni, au husimama barabarani wakiongea. Mahali pa mtu mzima ni pale kijia cha nyumba kinapokutana na njia ya pembeni, uso ukielekea mlango, mwili ukiwa kati ya mtoto na barabara. Hatari haipo sana anapokwenda, ipo anaporudi. Bibi asimame hapo kama kipa, awapokee, ndipo waende nyumba inayofuata kwa kufuata njia ya pembeni, siyo kwa kukata nyasi.

Na kila njia ya gari ya nyumbani ihesabiwe kuwa ni barabara. Simama, tazama kama kuna mtu ndani ya gari, tazama taa nyeupe za nyuma, sikiliza injini. Magari ya umeme hayana muungurumo wa injini, kwa hiyo taa ndiyo ishara ya kutegemea. Ukitaka kuelewa kwa nini, fanya nilichofanya mimi: shuka uchuchumae nyuma ya pikapu iliyoegeshwa, mpaka kichwa chako kiwe kimo cha Tumaini. Utaona kitu kimoja tu, bati. Huoni kioo, huoni dereva. Basi na dereva hakuoni wewe. Mbele nako ni vilevile. Boneti za hizi pikapu na gari kubwa za siku hizi ni ndefu kwenda juu kiasi kwamba mtoto wa miaka mitano akisimama karibu na bampa, dereva anaweza asimwone kabisa.

Kwenye makutano yenye taa kuna mtego mwingine kwa mgeni. Sehemu nyingi za Marekani dereva anaruhusiwa kukunja kulia hata taa yake ikiwa nyekundu, mradi asimame kwanza na njia iwe wazi. Kinachotokea ni kwamba dereva anayetaka kukunja kulia anageuza shingo kushoto, akisubiri nafasi kati ya magari. Akiipata anaondoka, kichwa bado kiko kushoto. Mtoto anayetokea kulia kwake, mwenye haki zote za kuvuka, hajaonekana. Nyumbani taa nyekundu ikiwaka tunaamini lile gari la mbele limekwisha simama. Hapa taa nyekundu isimpe bibi imani hiyo kwa gari la pembeni. Watu hushauri mtazamane macho na dereva. Mchana sawa. Usiku uso hauonekani nyuma ya kioo, taa zinakupiga machoni. Mimi nawaambia watu watazame magurudumu: yamesimama kabisa, au yanajiviringisha polepole? Yakijiviringisha, subirini.

Suala la saa lina undani wake. Miji ndiyo hupanga muda wa kugonga milango, na kawaida ya Lexington ni saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, yaani wao wanaandika 6 hadi 8. Angalia tangazo la mwaka huu. Jua la Lexington tarehe 31 Oktoba huzama kwenye saa 12 na dakika 40, na mwanga wa magharibi hufifia kabisa saa 1 na dakika 10 hivi. Tangu mwaka 2007 saa hurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo siku ya Halloween huwa bado hazijarudishwa. Mna dakika arobaini za jua na nusu saa ya mwanga hafifu.

Watu hushauri "tokeni mapema kukiwa na mwanga", na mimi nakubali, ila kwa angalizo. Kati ya saa 12 na saa 12 na dakika 40 jua liko chini kabisa, na dereva anayeelekea magharibi linamchoma machoni. Anaona kioo kilichojaa dhahabu na vumbi. Hamwoni mtoto hata akivaa nyeupe. Kwa hiyo mwanzoni wafanye mitaa inayokwenda kaskazini na kusini, au wasivuke kabisa ile ya mashariki na magharibi mpaka jua lizame. Baada ya hapo wana muda kidogo wa mwanga mzuri. Saa 1 na robo wawe wameshika njia ya kurudi nyumbani. Kwa mtoto wa miaka mitano kutembea kwa muda wa saa moja na robo ni kwingi, miguu inachoka, na mtoto aliyechoka haambiliki.

Mavazi sitayazungumza sana. Barakoa ya kufunika uso hapana, inakata macho ya pembeni, mpakeni rangi. Gauni lisifike chini ya kifundo cha mguu. Viatu viwe vyao wenyewe, vya kufungwa. Kentucky mwishoni mwa Oktoba huwa na baridi usiku, na hapo ndipo akina mama wengi hupoteza kazi yao: wanabandika utepe wa kung'aa kwenye vazi, kisha mtoto anavalishwa koti juu, utepe wote unafichwa. Ubandikeni mwisho kabisa, juu ya koti.

Tena ujue pa kuubandika. Ule utepe wa riflekta, kama wa vizibao vya bodaboda na mafundi wa barabara, hurudisha mwanga kulekule ulikotoka, yaani kwa dereva. Watu huuweka kifuani au mgongoni. Hapo unaonekana, lakini dereva anaweza kudhani ni kibao au sanduku la barua. Uzungushe kwenye vifundo vya miguu na vya mikono. Vidoti vinavyopanda na kushuka kwa mwendo wa hatua, ubongo wa dereva unavijua papo hapo: huyu ni mtu, anatembea. Tofauti hiyo imepimwa na watafiti mara nyingi, na gharama yake ni mkasi tu. Bibi naye azungushiwe. Na asiamini kwamba kwa kuwa yeye analiona gari vizuri, basi gari nalo linamwona. Usiku sote tunajidanganya hapo, mimi nikiwemo. Taa za gari tunaziona toka mbali, tukadhani nasi tumeonekana toka mbali.

Baba Neema sikumsahau. Yeye usiku ule yuko kwenye hatari ya upande wa pili, ya kumgonga mtoto wa mwenzake. Wapo pia wasomaji wetu wengi ambao kwa imani yao hawashiriki Halloween, na nawaheshimu, lakini wanaendesha: wanasambaza vifurushi, wanabeba abiria, wanakwenda zamu za usiku. Barabara haiulizi umeshiriki au hukushiriki.

Mwambie awashe taa za mbele kuanzia saa 11 jioni, hata kama jua lipo. Ndani ya mitaa ya makazi kibao kikisema maili 25, yeye aende 15. Najua vifurushi vina muda wake na simu inamhesabia dakika. Lakini gari likiwa maili 30 kwa saa linahitaji kama mita 23 tangu dereva aone hatari hadi lisimame. Likiwa maili 20 linahitaji 12. Na hesabu iliyofanywa na AAA Foundation, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama barabarani, mwaka 2011 inaonyesha mtu anayegongwa na gari lenye mwendo wa maili 23 kwa saa ana hatari ya kufa ya wastani wa asilimia 10. Kwa maili 32 ni asilimia 25. Kwa maili 42 ni nusu kwa nusu. Dakika anazookoa kwa kukimbia kwenye mtaa wa nyumba arobaini ni chache sana.

Akiona mtoto mmoja amevuka mbio, asiondoke. Nyuma ya huyo yupo mwingine anayemkimbilia. Akiona gari limesimama mbele yake bila sababu, asilipite. Huenda linavusha watoto. Akiegesha, awashe hazadi. Akitaka kurudi rivasi kutoka kwenye uwanja wa nyumba, ashuke azunguke gari lake kwa miguu kwanza, kila mara, hata kama amefanya hivyo nyumba iliyopita. Afadhali zaidi asiingie kabisa. Aache gari barabarani apeleke kifurushi kwa mkono. Simu aitie mfukoni. Bibi vilevile: picha za wajukuu zipigwe nyumbani kabla ya kutoka.

Jambo la mwisho, lile nililoahidi. Jumamosi kabla ya siku yenyewe, ukiwa umepumzika, toka na bibi na watoto wote mchana, mpite njia ileile watakayopita. Chagueni pamoja kona ya kuvukia, moja tu. Mwonyeshe nyumba zenye pikapu. Mwonyeshe pa kusimama watoto wakienda mlangoni, na Tumaini afanye mazoezi ya kurudi kwa kutembea hadi kwa bibi, mara kadhaa, iwe mchezo. Kisha mrudie usiku wa siku hiyohiyo, maana mtaa wa mchana na wa usiku si mmoja.

Wakati wa kuvuka, mwache bibi aongoze. Wewe kaa nyuma yake, usimkumbushe chochote, tazama shingo yake tu. Vukeni na kurudi mara tano, sita. Kama mara tatu za mwisho mfululizo kichwa kimeanzia kushoto bila wewe kusema, yuko tayari, na mwache awapeleke wajukuu zake kwa amani. Kama bado kinaanzia kulia, usimlaumu na wala usibishane naye. Mwombe jirani mwenye watoto waende pamoja, yeye ndiye awavushe wote. Jirani akikosekana, uliza makanisa ya karibu: mengi huandaa jioni ambapo watu huegesha magari uwanjani, hufungua buti wakazipamba, na watoto hupita buti hadi buti wakipewa pipi, injini zote zimezimwa. Tumaini hataona tofauti yoyote, na bibi atapata kiti cha kukaa.

Niandikie Novemba uniambie walivaa nini.